Usiku wa Ijumaa Si Ijumaa Usiku

Mimi nina mdomo, na hilo silikatai. Kwetu Milola walikuwa wakisema mtoto huyu akikosa wa kubishana naye, atabishana na kuku. Kwa hiyo nilipopata kazi ya msaidizi wa jaji, kazi ambayo sehemu yake kubwa ni kukaa kimya na kuandika, watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mjomba wangu alisema nitafukuzwa kabla msimu wa korosho haujaisha. Sikufukuzwa. Misimu imepita mingi na bado nipo, na iko siku moja kazini ambayo nikiikumbuka, hata kama niko jikoni namenya vitunguu, natabasamu peke yangu.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Jaji anakaa juu, mimi nina meza ndogo chini yake upande wa kushoto. Shahidi akisema, naandika. Kwanza naandika kwenye daftari kwa mkono, haraka haraka, kwa sababu mkono wangu una kasi kuliko kompyuta ya ofisini. Jioni napiga chapa yale ya daftarini, nampelekea jaji, anasoma, anatia sahihi, na zile karatasi zinaingia kwenye faili. Siku ya kuandika hukumu, jaji anazifungua. Ina maana maneno ya shahidi hayafiki kwenye hukumu mpaka yapite kwenye vidole vyangu, na mimi hilo lilinipa kichwa kikubwa sana.

Jaji wangu alikuwa mama wa makamo, mtu wa bara, kutoka kwenye milima ya baridi. Mkali. Alikunywa chai ya rangi bila sukari na hakupenda mtu anayeanza sentensi kwa "nafikiri." Siku yangu ya kwanza alinipa amri moja tu. "Andika alichosema shahidi," aliniambia. "Usiandike alichotaka kusema."

Nikajibu, "Ndiyo, Mheshimiwa." Moyoni nikasema, huyu mama hawajui watu wetu. Watu wetu wa Lindi na Kilwa ukiwauliza umefika saa ngapi, wanakuambia jua lilikuwa limesimama hapa. Ukiwauliza lini, wanakuambia wakati ule mikorosho ilikuwa inatoa maua. Mimi nimezaliwa humo, nayajua. Basi nikawa nawasafishia. Shahidi akisema "jua lilikuwa la kichwani," mimi naandika saa sita mchana. Akisema "kulipokucha," mimi natazama juu kwenye ukurasa, nahesabu, naiandika siku kwa jina lake. Jaji akanisifu mara moja, kwamba kumbukumbu zangu zinasomeka vizuri. Sifa ile ilinilevya.

Ndipo ikaja kesi ya mpwa na mjomba. Tuliisikiliza Lindi mjini, ila mambo yenyewe yalitokea kijijini, nyuma ya Kiswere. Mzee mmoja alikutwa amekufa Jumapili asubuhi kwenye dungu lake la kulindia shamba, amekatwa kwa panga. Aliyeshtakiwa ni mpwa wake, mkulima wa miaka hamsini hivi, mfupi, mwenye mvi za kidevuni. Wawili hao walikuwa wamegombana mbele za watu juu ya mpaka wa mikorosho. Kosa lilikuwa kuua kwa kukusudia, na adhabu yake wote mnaijua, ni kunyongwa. Yule bwana alikuwa mahabusu mwaka wa tatu.

Upande wa mashtaka ulijipanga vizuri. Muadhini wa kijiji alisema marehemu aliswali Ijumaa pamoja nao, mzima kabisa. Daktari alisema kwa jinsi alivyoukuta mwili siku ile ya Jumapili, mzee alikufa kati ya Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi. Kisha akapanda bibi mmoja, jirani, kajifunga kanga yake safi, akala kiapo kwa sauti ambayo ilifika mpaka barabarani. Alisema usiku wa Ijumaa, akitoka kusoma Yasini, alimwona mshtakiwa akipita penye dungu la mjomba wake, panga mkononi. Alimjua kwa mwendo na kwa sauti, maana walisalimiana.

Mshtakiwa mwenyewe alipopanda kujitetea, hakukana. "Ni kweli," alisema. "Usiku wa Ijumaa nilipita pale, natoka shambani kwangu. Panga ni la kazi. Kulipokucha nikapanda lori la chumvi, nikaenda Mingoyo kwa shemeji. Usiku wa Jumamosi nikalala kwake." Shemeji naye akaja, mtu mzima na kofia yake ya vito, akasema vilevile: alifika alasiri, na usiku wa Jumamosi alilala kwake.

Wakili wa Serikali, kijana wa Mbeya mwenye adabu, alisimama akatabasamu. "Kwa hiyo," alimwuliza, "ulipita kwenye dungu, kulipokucha ukaondoka kijijini. Sisi hatubishi kwamba Jumamosi hukuwepo. Tunasema ulikimbia."

"Sikukimbia. Nilikwenda Mingoyo."

"Na usiku mjomba wako alipouawa, ulikuwa wapi?"

"Nimeshasema," alijibu yule bwana, taratibu, kwa sauti ya mtu anayemwelewesha mtoto. "Usiku wa Jumamosi nililala Mingoyo. Sikuwepo."

Akakaa zake chini, ametulia, kama mtu aliyetua mzigo. Wakili wake wa utetezi, aliyetoka Dar na kuwa na kesi nyingine tatu wiki ileile, alijishika paji la uso. Mimi nilimtazama mshtakiwa nikasikia hasira. Niliona mtu anajipalia makaa mwenyewe, halafu anakaa kwa raha zake. Nikasema moyoni, huyu ana moyo wa jiwe. Jioni nikapiga chapa. Bibi: "Nilimwona Ijumaa usiku." Mshtakiwa: "Ijumaa usiku nilipita pale. Jumamosi asubuhi nilipanda lori. Jumamosi usiku nililala Mingoyo." Safi, mistari imenyooka. Jaji akasoma, akatia sahihi.

Zamani jaji alikaa na wazee wa baraza, wenyeji wa mahali, wakamshauri. Siku hizi sheria imebadilika. Mle ndani jaji alikuwa wa milimani, wakili mmoja wa Mbeya, mwingine wa Dar. Mwenyeji alikuwa mmoja tu, naye ni mimi, na mimi nilikuwa nasafisha.

Ushahidi ukafungwa. Jaji akapanga tarehe ya hukumu, akaniambia nimwandalie muhtasari wa ushahidi wote. Nikauandika kwa siku mbili, na sitawadanganya, niliuandika kama mtu anayepigilia misumari. Sikuwa na shaka hata kidogo. Alikuwepo usiku wa mauaji, alikuwa na panga, waligombana, akatoroka asubuhi. Niliona shingo ya yule bwana imeshakwisha, na nikala chakula changu cha mchana vizuri tu.

Wiki hiyohiyo, Jumatatu, bibi yangu akanipigia simu kutoka Milola. Bibi yangu huniita mke mwenzangu, kama mabibi wengi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kike, na marehemu babu kwa mpango huo ni mume wetu. "Mke mwenzangu," alisema, "usiku wa Ijumaa tunamsomea hitma mume wetu. Usiache kuja. Ulikosa mwaka jana."

"Nitakuja, bibi. Safari hii sikosi."

Nikaomba ruhusa ya kutoka mapema Ijumaa. Nikanunua tende na kilo tano za mchele, nikapanda gari mpaka njia panda, nikamalizia kwa bodaboda. Nikafika jua bado halijazama, kanga mpya, hina mikononi. Nikakuta uwanja umefagiwa, majamvi yamekunjwa, na masufuria makubwa yamepinduliwa juani, yameshaoshwa. Bibi alikuwa kakaa mkekani anachambua mbaazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kuosha masufuria? Umechelewa hata kwa hayo."

"Watu wako wapi? Hitma inaanza saa ngapi?"

"Hitma ilisomwa jana," alisema, mkono haujaacha mbaazi. "Mume wetu kasomewa, mbuzi kaliwa mpaka utumbo. Wewe tumekuwekea ukoko."

Nilikasirika. Nilimwambia bibi, wewe mwenyewe uliniambia usiku wa Ijumaa, na leo si ndiyo Ijumaa, mbona mnanifanyia hivi, nimetoka mjini kote huko. Aliniacha nimalize. Kisha akanitazama kwa macho yale ya huruma ambayo mtu humtazamia mgonjwa.

"Leo Ijumaa inakwisha," alisema. "Jua hilo likizama, Jumamosi hiyo imeingia. Usiku wa Ijumaa ni jana. Usiku unatangulia, mchana unafuata. Kwani Ramadhani inaanza asubuhi? Si mwezi unaandama jioni, tunaswali tarawehe usiku huohuo, ndipo kesho yake tunafunga? Wewe huko shuleni walikufundisha siku inaanza lini?"

"Saa sita usiku, bibi."

"Saa sita usiku nani yuko macho aione siku ikianza? Wachawi?"

Nilikwenda shule ya bweni nikiwa na miaka kumi na tatu, nikaenda Dar, nikakaa huko mpaka ulimi ukabadilika. Kila jambo alilolisema bibi nililijua tangu tumboni. Nimelelewa katika Yasini za usiku wa Ijumaa, nimelala kwenye mapaja ya huyuhuyu bibi zikisomwa, na kulipokucha wanaume wanakwenda kuswali Ijumaa. Nilikuwa nayo yote, nikayasahau. Mkataa kwao mtumwa, bibi alisema, akanisukumia sahani ya ukoko.

Nikashika kipande cha ukoko, nikakipeleka mdomoni, na mkono ukasimama hewani.

Usiku wa Ijumaa, akitoka kusoma Yasini.

Bibi akauliza nina nini. Nilimsikia yule bwana kizimbani, neno kwa neno, na ile sauti yake ya kumwelewesha mtoto. Usiku wa Ijumaa nilipita pale. Kulipokucha nikapanda lori. Usiku wa Jumamosi nikalala Mingoyo. Hakujipalia makaa yoyote. Alipita kwenye dungu Alhamisi usiku, mjomba wake akiwa hai na Ijumaa ya kuswali bado hajaiona. Ijumaa alikuwa barabarani, na usiku mzee alipokatwa, mpwa wake alikuwa amelala kwa shemeji, mwendo wa karibu siku nzima kwa lori bovu. Alikuwa ametulia kwa sababu alijua ameshajitetea, akamaliza. Tangu mwanzo alikuwa anatuambia ukweli kwa Kiswahili, na sisi Waswahili tulikuwa hatumsikii.

Na "Jumamosi asubuhi" je? Hilo hakulisema yeye. Hilo nililisema mimi.

Niliogopa. Nilikuwa nimekwisha kumnyonga mtu kwa vidole vyangu hivi, vyenye hina, kwa kutaka karatasi isomeke vizuri. Niliwahi kuogopa mitihani na niliwahi kuogopa nyoka, lakini hofu ya jioni ile ilikuwa kitu kingine. Kesho yake alfajiri nikamuaga bibi. Aliniambia kuteleza si kuanguka, akidhani nalilia hitma.

Nikafika Lindi moja kwa moja chumbani, nikafungua daftari. Pale palikuwa na mwandiko wangu mwenyewe, mbovu, wa haraka: *usiku wa Ijumaa, ametoka Yasini.* Chini yake: *usiku Ij. nilipita. Kulipokucha lori la chumvi. Usiku Jmosi Mingoyo.* Sikuwahi kuupenda mwandiko wangu kama siku ile. Siku hizo wenzangu walikuwa wananicheka kwa kuweka madaftari, wakiniuliza nayafuga ya nini.

Jumatatu nilimkuta jaji ofisini saa moja na nusu, chai yake mbele. Muhtasari wangu ulikuwa juu ya meza, umepigiwa mistari kwa kalamu nyekundu. Nilisalimia, nikabaki nimesimama.

"Mheshimiwa, kumbukumbu za kesi ya mpwa zina kosa. Kosa ni langu."

"Kosa gani?"

Nikamwekea daftari wazi, na karatasi iliyochapwa pembeni. Nikaeleza kila kitu, pamoja na hitma na ukoko, maana mdomo ukishaanza haujui kuchagua. Alisoma daftari. Akasoma karatasi. Akarudi kwenye daftari. Feni ilikuwa inazunguka na mimi nilikuwa natoka jasho mpaka visiginoni.

"Nilikuambia nini siku ya kwanza?"

"Niandike alichosema, Mheshimiwa. Nisiandike alichotaka kusema."

"Na wewe hapa umeandika nini?"

"Nimeandika nilichotaka kusikia."

Akafunga daftari. Nilishaanza kuwaza nitamwambiaje mjomba kwamba utabiri wake umetimia. Kisha akavua miwani.

"Kwetu," alisema polepole, "usiku wa Ijumaa ni usiku wa Ijumaa. Jua likishazama Ijumaa. Na mimi nilikaa pale juu, nikamsikia yule bibi kwa masikio yangu, nikaelewa hivyohivyo. Karatasi zako nilitia sahihi." Akaisogeza chai kando. "Kumsikia nilimsikia. Kumwelewa ndiko sikumwelewa."

Mie nikaona mlango umefunguka, nikajitosa. "Basi, Mheshimiwa, hukumu si inaweza kueleza kwamba kwa desturi ya huku..."

"Hukumu haiwezi kueleza chochote kutoka kwa bibi yako," alinikata. "Wewe si shahidi na bibi yako hajala kiapo. Nikiandika hivyo, wakubwa wangu wataifuta hukumu kabla wino haujakauka. Kama ni kweli, itasemwa mahakamani, na atakayeisema ni aliyeisema mwanzo. Andika hati. Yule bibi aitwe tena. Na shemeji."

Nikageuka nitoke.

"Binti." Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. "Swali nitaliuliza mimi. Wewe utaandika. Kila neno, hata akikohoa."

Wiki mbili baadaye tukakutana tena mle ndani. Wakili wa Serikali alipinga kwa heshima, akasema ushahidi umeshafungwa. Jaji akamjibu kwamba mahakama ina uwezo wa kumwita tena shahidi yeyote kabla ya hukumu ikiona haki inadai hivyo, na inaona. Wakili wa utetezi alikuwa na uso wa mtu asiyejua kama aombe mvua au jua. Mshtakiwa alikaa kizimbani vilevile, ametulia. Alikuwa amekonda zaidi. Mimi nilishika kalamu kwa nguvu mpaka kidole kikafa ganzi, kwa sababu nilijua kitu kibaya: kama yule bibi akisema neno lingine tofauti, basi shingo ya mtu inakwenda na mimi nitakuwa nimekaa pale nikiandika.

Bibi akapanda, kajifunga kanga ileile. Akaapa.

"Bibi, shikamoo," alisema jaji. Katika miaka yangu yote mahakamani sikuwahi kumsikia jaji akimwamkia shahidi kutoka juu pale.

"Marahaba, mwanangu."

"Nina swali dogo. Ulituambia ulimwona huyu usiku wa Ijumaa, ukitoka kusoma Yasini. Usiku ule ulipokucha, ilikuwa siku gani?"

Bibi akamtazama jaji, akawatazama mawakili, akanitazama hata mimi, akitafuta nani kati yetu ni mzima.

"Kulipokucha?" alisema. "Ijumaa, mwanangu. Usiku wa Ijumaa ukikucha inakuwa siku gani tena?"

Nikaandika. Kila neno. Wakili wa Serikali aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake.

"Hiyo Ijumaa mchana," jaji aliendelea, "marehemu ulimwona?"

"Nilimwona. Alipita mlangoni kwangu akienda msikitini, kanzu kaipiga pasi imesimama. Nikamtania nikamwambia, bwana harusi, harusi iko wapi? Akacheka. Ndiyo mara yangu ya mwisho kumwona, Mungu amrehemu."

"Na mshtakiwa, hiyo Ijumaa mchana?"

"Huyu? Huyu alishaondoka na lori la chumvi asubuhi. Mkewe alikuja kwangu kuomba moto akaniambia."

"Bibi, mbona siku ile hukusema haya?"

"Sikuulizwa," alisema bibi, na sasa alikuwa ameudhika kidogo. "Niliulizwa nilimwona nani usiku wa Ijumaa. Nikajibu. Mimi nikiulizwa moja sijibu mbili."

Wakili wa utetezi aliangusha kalamu, ikabingirika mpaka chini ya meza yangu, na hakuna aliyeiokota. Jaji akamgeukia wakili wa Serikali, akamwuliza kama ana swali kwa shahidi. Yule kijana alisimama, akafunga faili lake, akasema hana swali. Nilimheshimu kwa hilo, maana angeweza kumzungusha yule bibi mpaka jioni, na hakufanya. Shemeji naye akaulizwa swali hilohilo. Alijibu kwamba siku mgeni wake alipofika alasiri, yeye mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka kuswali Ijumaa na mazungumzo ya barazani, bado na msala begani, na usiku ulioingia baada ya hapo ndio wa Jumamosi. Jaji akamwuliza usiku huo mgeni alitoka nje? Shemeji akasema alikoroma mpaka watoto wakahama chumba.

Watu wakacheka. Jaji hakuwanyamazisha.

Nilimtazama mshtakiwa. Nilitegemea atalia, au atainua mikono juu. Yeye alikuwa anashangaa kwa nini sisi tunashangaa. Alimwinamia askari magereza aliyekuwa karibu yake, na kwa kuwa nimeambiwa niandike kila neno, nilimsikia. "Si ndivyo nilivyosema?" aliuliza.

Hukumu ilisomwa Alhamisi, asubuhi mapema. Jaji aliiandika yote kwa Kiswahili, kwa mkono wake, na mimi niliichapa bila kugusa hata koma. Kuna sehemu ninaijua kwa moyo. Aliandika kwamba mashahidi wa kesi hii wote walisema kweli tangu siku ya kwanza, na kwamba mahakama ndiyo iliyosikia vibaya, na kosa la kusikia haliwezi kubebeshwa aliyesema. Aliposema mshtakiwa hana hatia na aachiwe huru, ukumbi uliguna kwa pamoja, kisha mtu nyuma akasema Alhamdulillahi, na jaji akainama kwenye karatasi zake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mimi nililia, na sikujificha. Nililia kwa furaha ambayo sikuipata hata siku niliyovikwa joho la chuo. Niliharibu, nikagundua, nikasema, na mtu akaishi. Atakaye kusema najisifu na aseme, mimi najisifu.

Aliyemuua yule mzee hajajulikana mpaka leo. Hilo linaniuma, nalo nalisema.

Nje, watu walimzunguka yule bwana kwenye ngazi, wakimshika mikono. Shemeji alikuwa anahangaika na simu kutafuta gari. Nilipita pembeni na mafaili yangu kifuani. Msaidizi wa jaji hatakiwi kuzungumza na watu wa kesi, lakini kesi ilikuwa imekwisha, na nimewaambia mimi nina mdomo.

"Pole, baba," nilimwambia. "Nyumbani utafika lini?"

Hakujua mimi ni nani. Kwake nilikuwa binti anayeandika. Akatazama jua lilipo, akahesabu njia kimoyomoyo: Lindi, barabara kuu, mpaka Kiswere, kisha kwa miguu.

"Nikipata gari sasa hivi," alisema, "nitafika usiku wa Ijumaa. Nitawahi Yasini."

Mtu wa mjini aliyekuwa pembeni yetu akamwambia, baba, mpaka kesho usiku yote hiyo, umeamua kulala njiani? Yule bwana akanitazama, mimi nikamtazama, na tukacheka wote wawili. Shemeji akapiga kelele kwamba gari imepatikana, wakaondoka. Nilirudi mezani kwangu, nikafungua daftari, nikayaandika maneno yake kama alivyoyasema.